Alama Kumi za Kalamu Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia ukumbi, na kumsogezea Baba magongo yake. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Baba alikuwa ameendesha malori makubwa miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa na mguu mmoja na kiti kimoja karibu na dirisha. Mama alikuwa akimwekea chai mezani, kisha anatoka kunywa yake uani. Nilidhani ni kwa sababu ya kazi, maana Mama ni dobi na nguo za watu hazingoji.

Ajali ilitokea miezi minane kabla ya haya ninayosimulia. Lori la Baba lilikosa breki kwenye mteremko, likapinduka. Baba alipoteza mguu. Mjomba, mdogo wake Mama, aliyekuwa utingo wa Baba, alipoteza maisha. Mtaani hakuna aliyesumbuka kuuliza kosa ni la nani. Walisema fundi wa breki alizembea, na mwenye malori akamfukuza kazi siku ya tatu baada ya mazishi. Watoto walimzomea akipita. Hata mimi nilimzomea.

Mjomba aliacha mtoto mmoja wa rika langu, naye akahamia kwetu. Tulimwita Mapema, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kufika popote kwa wakati. Alimwita baba yangu Baba, kama mimi. Mimi waliniita Kijiti, na ukiniona hutauliza kwa nini.

Muhula ule mwalimu wa sayansi alileta darasani masanduku ya matofali ya plastiki, yale madogo yanayoshikana kwa vinundu vyake, pamoja na mota, gia, magurudumu ya mpira na rimoti. Alitupanga wawili wawili. Kila kundi libuni lori dogo la kupanda rundo la mawe, kuvuka tope, na kumalizia kwa ubao ulioegemezwa ukutani, huku limebeba kopo la mchanga. Kundi litakaloshinda lingepata nafasi mbili katika shule ya ufundi. Mapema aliitaka nafasi ile kuliko chakula, na anayemjua Mapema anajua uzito wa maneno hayo. Sharti lilikuwa moja: lori lijaribiwe ubaoni mara kumi na mzigo wake wote, na kila jaribio liandikwe daftarini siku hiyohiyo.

Lori letu la kwanza lilikuwa kichekesho. Tulifunga gia kubwa kwenye mota ili izungushe gia ndogo ya magurudumu. Sakafuni lilikimbia kama kuku aliyemwagiwa maji, lakini lilipokuta jiwe la ukubwa wa ngumi likanguruma na kusimama.

"Hilo ni gari la harusi," sauti ikasema kutoka dirishani. "Lori la mlima halina haraka. Gia ndogo ikae kwenye mota, izungushe kubwa."

Tulitazamana. Ulikuwa utani wa kwanza wa Baba tangu atoke hospitalini. Kuanzia siku hiyo, kila tulipotoka shule alitaka tumpe lori alipapase. Alituambia tushushe kisanduku cha betri chini kabisa lisije likapinduka, na tuiache ekseli ya mbele icheze, kila gurudumu litafute jiwe lake. Uso wake ulirudiwa na damu. Nilifurahi mno, na nilikuwa tayari kufanya lolote asirudie ule ukimya wake.

Tulilijaribu ubaoni mara tatu. Mara ya tatu tulisikia mlio, tak, chini ya bodi. Tabaka la matofali lililoshika mota lilikuwa limeinuka kidogo, upana wa ukucha. Mapema akalibonyeza kwa kidole gumba likarudi. Betri zetu zilikuwa seti moja tu, nazo zilishaanza kulegea. Akasema tukiendelea kujaribu, siku ya mashindano tutalisukuma kwa mkono. Sitasema alinilazimisha. Nilichukua kalamu, na kwa kuwa hata yale majaribio matatu tulikuwa hatujayaandika, nikatia alama za vema kumi kwa mkupuo mmoja, kila moja na tarehe yake.

Alasiri ya kuamkia mashindano Baba aliomba daftari. Mama alikuwa amepeleka nguo za wateja. Baba aliutazama ukurasa kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili.

"Hizi mmezitia kwa siku ngapi?" aliuliza.

"Siku tano, Baba," nikajibu.

"Siku tano, wino haujabadilika, na zote zimelala upande mmoja." Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha. "Mwanangu, hizi zimetiwa kwa pumzi moja. Nazijua. Nilishatia kama hizi kumi na mbili."

Mapema alikuwa akifuta magurudumu. Mkono wake ukasimama.

Baba akatuambia. Pale gereji kila lori lina kadi ya ukaguzi yenye mistari kumi na miwili, na dereva hutia alama baada ya kukagua. Asubuhi ile fundi alimwomba asubiri, breki zilikuwa bado hazijaangaliwa. Baba aliona jua linapanda na mzigo unangoja. Akatia alama zote kumi na mbili akiwa ameketi nyuma ya usukani, akamwita Mjomba apande. Mjomba alimuuliza kama breki ni nzima.

"Nikamwonyesha kadi," Baba alisema. "Akaiamini. Akapanda. Baadaye fundi alijitetea, lakini kadi ilisema breki zimekaguliwa. Alipofukuzwa, nikanyamaza. Mama yenu nilimwambia nikiwa bado hospitalini. Ninyi niliogopa kuwaambia."

Nilimtazama Mapema. Alilichukua lori letu, akatoka. Baba aliinamisha kichwa, nami sikujua nikae na nani. Nilimwonea Baba huruma, na papo hapo nilimchukia, na sikujua mtu anaweza kuyabeba yote mawili kwa wakati mmoja.

Nilipopata nguvu ya kutoka nilidhani nitakuta lori limepigwa ukutani. Nilimkuta Mapema ameegemeza ubao, kopo limejaa mchanga, rimoti mkononi.

"Jaribio la nne," alisema bila kugeuka. "Andika. Andika kweli."

La nne likapanda. La tano likapanda kwa mlio. La sita, katikati ya ubao, bodi ikafunguka. Mota na ekseli ya nyuma vikabaki juu, na mbele ya lori ikaporomoka pamoja na mchanga wake. Tulisimama tukilitazama. Nadhani sote wawili tuliona lori jingine.

Baba alikuwa amefika mlangoni kwa magongo, na hakuna aliyemsogezea. "Mlipanga, hamkufunga," alisema taratibu. "Matofali yakilaliana tu, mzigo utayaachanisha. Simamisheni boriti ya matundu ubavuni, mpitishe pini kwenye tabaka la juu na la chini."

Mapema aliitafuta boriti bila kumtazama. La saba lilipanda kimya. La nane pia. La tisa betri zikazimika.

Kesho yake tulimpa mwalimu daftari kabla ya mashindano kuanza. Ukurasa wa uongo tuliuacha palepale, na ule wa kweli ukafuata, na neno "limevunjika" kwenye jaribio la sita. Mwalimu alisoma mara mbili. Alisema hawezi kutupanga na walioshika sharti, na sisi hatukubisha. Alitupa betri mpya, akaturuhusu tupande mwishoni, nje ya mashindano. Lori letu lilimaliza ubao wote bila mlio. Nafasi za shule ya ufundi zilikwenda kwa wengine, na Mapema aliwapigia makofi akiwa ameuma midomo.

Tulipofika nyumbani Baba aliomba karatasi. Aliandika polepole yaliyotokea asubuhi ile ya kadi, akaikunja. Alisema asubuhi atakwenda gereji kwa mwenye malori, kisha kwa fundi.

"Watakufanya nini?" nikauliza.

"Watakachoona ni haki." Kisha akatutazama, Mapema zaidi. "Alama ya vema haishiki breki, wanangu. Ukiandika kazi usiyoifanya, yupo mtu atakayeiamini na kupanda. Mimi nimejifunza kwa damu ya mtu. Ninyi mmejifunza kwa matofali. Shukuruni, na msisahau."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Chai yake aliinywa uani jioni hiyo pia.

Asubuhi nilikwenda kumsogezea Baba magongo, sikuyaona. Mapema alikuwa ameketi kizingitini, amevaa viatu, magongo mapajani. Jua lilikuwa bado halijachomoza vizuri.

"Leo nimewahi," alimwambia Baba. "Twende."