Dalali Aliyeficha Chumba

Walikutana kwenye foleni ya fotokopi mchana kweupe, watu wamebanana na mashine inanguruma. Binti alivaa gauni la njano aliloazima kwa dada yake, barua ya kazi mkononi. Kijana wa mbele yake, shati la bluu limenyooka pasi mpaka mikono ina makali, alikuwa akitoa nakala za matangazo ya vyumba vya kupanga.

"Kaka, wewe ni dalali?"

"Kwa wengine. Kwako nitakuwa vyovyote utakavyo."

"Dalali inatosha. Natafuta chumba cha bei nafuu karibu na kiwanda cha mikate. Kazi inaanza alfajiri, na bosi kasema nisipohamia karibu kabla ya mwezi kuisha, nafasi anampa mwingine."

Nyumbani walimwita Kitinda, maana ndiye kitinda mimba, na kitinda mimba hulala panapobaki. Maisha yake yote alilala sebuleni. Alisubiri wageni waondoke ndipo atandike, na asubuhi ufagio ulimkuta bado amelala.

Dalali akamzungusha mitaa. Chumba cha kwanza dirisha lilitazama ukuta. Kingine kilinuka panya.

"Sasa hiki ni chumba au kabati?"

"Kabati lina rafu, bibie. Hiki hakina."

Kitinda akacheka mpaka akashika ukuta, na chokaa ikambakia mkononi. Jioni simu ikaita.

"Mpangaji wangu, umefika salama?"

"Mpangaji gani, na paa sina?"

"Moyoni mwangu umeshahamia. Kodi sikudai."

"Ebu niache nilale, mwongo wewe!" Lakini hakukata simu.

Mwezi ukawa ukingoni. Walipokuwa wakipita mbele ya geti la kijani, mama mmoja aliyekuwa akianika mashuka akaita:

"Dalali! Ndiye huyu binti uliyeniomba nimwekee chumba? Nimekataa wapangaji wengine kwa ajili yako, mwanangu. Anahamia lini?"

Kitinda akageuka. "Chumba gani?"

Dalali akamgeukia. "Ningekuonyesha siku ya kwanza, siku ya pili usingenitafuta tena."

"Mimi nakosa kazi, wewe unatafuta wa kutembea naye?"

"Ningekwambia kabla..."

"Niondokee machoni."

Akamfuata mama mwenye nyumba, wakapatana kodi ambayo mshahara wake ungeimudu, akapewa ufunguo. Chumba kilikuwa kitupu na cheupe, sakafu bado mbichi kwa deki, jua limejimwaga mpaka kwenye kona. Kitinda alisimama mlangoni, kisha akavua viatu kama anayeingia mahali pa ibada. "Changu," alisema, na kuta zikamrudishia neno. Hakujua kwamba ukimya unaweza kuwa mkubwa hivi, na wote wa mtu mmoja. Akampigia mama yake.

"Mama, humu hamna mtu mwingine. Hamna kabisa!"

"Basi ongea taratibu, mwanangu, usikishtue chumba."

Kazi aliianza, mikono ikazoea unga. Simu za dalali hakupokea, ingawa kila ilipoita moyo ulimwenda mbio, na ilipoacha kuita alikasirika zaidi. Jumapili mchana mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Mwongo."

"Waongo ninaowajua ni wengi."

"Yule aliyekuficha chumba. Nilikosea, mpenzi. Nilijipenda mwenyewe kuliko nilivyokupenda wewe. Ungekosa kazi kwa sababu yangu, nisingejisamehe."

Kitinda alikuwa ameshashika kitasa. Alimkumbuka, akamtaka, na hasira ikamtoka yote kwa pamoja. Hata hivyo hakufungua.

"Gonga tena."

"Si umeshajua ni mimi?"

"Najua. Gonga tu."

"Kwa nini, jamani?"

"Tangu nizaliwe," alisema, "sijawahi kugongewa mlango."

Kisha dalali akagonga, polepole, kwa adabu zote alizofundishwa. Kitinda akasikiliza mkono ukiwa kifuani, mpaka pigo la mwisho.

"Karibu," akasema, akafungua.