Halbadiri ya Kota za Mji Mpya

Mwaka ule, katika kota za Mji Mpya, pale Chuno mjini Mtwara, mwanamke akienda msalani alikwenda na sufuria yake. Usicheke. Mwanaamina aliinjika kisamvu uani, akaingia ndani kuchukua chumvi. Aliporudi alikuta mafiga tu. Sufuria, kisamvu na mwiko, vyote vimekwenda.

Wezi walikuwa wameota mizizi. Leo kanga kwenye kamba, kesho baiskeli, keshokutwa redio. Taa za njiani zilikuwa zimevunjwa. Nyumba namba tisa haikuwa na mtu, na nyasi zake zilifika madirishani. Kila mmoja alijifungia kwake akisema, "Yangu macho."

"Mimi nimechoka!" Mwanaamina alimwambia jirani yake, Rukia. "Tusome halbadiri. Mwizi aumbuke!"

"Hapo umesema, Mama Asia," Rukia alijibu. "Avimbe tumbo tumwone."

Ijumaa kisomo kikasomwa, ubani ukafukizwa, mwizi akalaaniwa. Bwanaheri, mume wa Mwanaamina, hakuwepo. Alikuwa fundi bomba wa serikali, na siku hiyo alikuwa kazini. Hakukuwa na nyumba katika kota zile ambayo hajaingia na spana yake.

Jumapili asubuhi Bwanaheri hakuweza kuamka. Alitetemeka mpaka meno yakagongana, akaanza kuweweseka. Haikupita saa moja, habari ikaenea kota zote: halbadiri imemshika mtu!

Watu wakajaa mlangoni. "Ndiyo maana anazijua nyumba zetu ndani nje!" mmoja alipiga kelele.

Rukia alikuwa mbele yao. "Mama Asia, mwambie mumeo arudishe vitu vyetu, na mhame leo hii. La sivyo, watu watamtoa wenyewe."

Mwanaamina aligeuka kumtazama mumewe pale kitandani, na kwa muda mfupi akajiuliza: kumbe ni yeye? Aliona haya kwa wazo hilo. Akasimama katikati ya mlango na kusema, "Mtanipita mimi kwanza."

Bahati nzuri, Mzee Jafari, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa amempigia simu Afande Theresia, askari wa kituo cha jirani. Afande alifika mbio, jasho likimtoka.

"Nani alimwona Bwanaheri akiiba?" aliuliza.

Hakuna aliyeinua mkono.

"Nani aliwahi kuja kituoni kuripoti wizi?"

"Halbadiri imemshika, afande," Rukia alisema.

Theresia alimgusa mgonjwa kwenye paji la uso. "Huyu anachemka. Apelekwe hospitali sasa hivi. Mkimpiga mtu kwa kumshuku tu, wahalifu ni ninyi. Akifa, mtashtakiwa kwa mauaji."

"Dua ni ibada, jamani," Mzee Jafari aliongeza. "Si ushahidi."

Hospitali walimpima damu, wakakuta malaria. Baada ya siku tatu za dawa Bwanaheri alisimama. Lakini watu hawakumsalimia. Walinong'ona, "Hata mwizi huugua malaria." Mwanaamina akaanza kufunga mizigo kimyakimya, machozi yakimlenga.

Jumamosi Theresia aliitisha mkutano.

"Mwizi anapenda giza, kichaka, na majirani wasiosemezana," alisema. "Hapa mmempa vyote. Ukiibiwa, ripoti siku hiyohiyo. Kila mtu aweke alama kwenye vitu vyake, mahali pasipoonekana."

"Alama ya nini?" Rukia aliuliza.

"Sufuria zote zinafanana, mama. Tukiikamata ya kwako, utatuonyesha nini kuthibitisha?"

Wakachagua kamati ya ulinzi. Wakapanga zamu za kupita njiani wawili wawili. Theresia aliwaonya: mkimkamata mtu, msimpige, mleteni kituoni. Kisha wote wakashika mapanga na majembe, wakafyeka nyasi za nyumba namba tisa. Ndani walikuta mkeka, vipande vya sigara na kanga ya mtu. Wezi walikuwa wakijificha humo humo!

Baada ya wiki mbili jiko la mafuta la Rukia liliibwa. Safari hii hakulaani mtu. Alikwenda kituoni asubuhi ileile, akaeleza kwamba chini ya jiko amekwangua herufi R na nyota. Jioni polisi walilikuta kwa muuza vyuma chakavu. Huyo naye akawataja waliomletea: wanaume wawili ambao hata si wakazi wa Mji Mpya. Chumbani mwao kulikuwa na redio nne na baiskeli mbili.

Rukia alikuja kwa Mwanaamina siku hiyohiyo, kichwa chini.

"Shemeji Bwanaheri, nimekukosea. Ulimi wangu uliitangulia akili. Nisamehe."

"Yamekwisha, shemeji," Bwanaheri alijibu. "Karibu chai."

Taa za njiani zikarudishwa. Kanga zikalala kwenye kamba bila mlinzi. Mwanaamina alifungua mizigo yake, moyo mweupe, ila jambo moja lilimkwama. Usiku hakuweza kulificha.

"Baba Asia, kisomo kile nilikidai mimi. Na siku ile ya homa, kidogo tu, nilikushuku."

Bwanaheri akaanza kucheka.

"Mke wangu, homa ile ilipopanda, hata mimi nilianza kujishuku."

Walicheka wote wawili, mpaka Rukia akagonga ukuta kuuliza kuna nini.