Usukani wa Abiria

Kaka Mkubwa alifungua mlango wa gereji ya nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Aliwasha taa, na kikombe kikamponyoka kikapasukia sakafuni. Gari la marehemu baba yake lilikuwa palepale, liking'aa rangi ya krimu kama siku lilipotoka kiwandani. Lakini nyuma ya usukani palikuwa wazi. Dashibodi yote, lile bamba refu la chuma lenye saa na vifungo, haikuwepo. Nyaya zilining'inia kama matumbo ya kuku.

Alipiga kelele kwanza, polisi akawapigia baadaye. Maonyesho ya magari ya kale yalikuwa kesho yake.

Inspekta aliyetumwa alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti lililopauka na tabia ya kuuliza swali moja mara mbili, kama mtu asiyesikia vizuri. Alikuwa anasikia vizuri sana. Saa mbili alifika, akamkuta mjane mwenye nyumba amekaa barazani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Mama hakutoa kiganja, alimnyooshea kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu aliyekatizwa kazi. "Nisamehe, nilikuwa nafua."

Inspekta alikishika kifundo kile. Kilikuwa kikavu, na kamba ya nguo uani haikuwa na hata soksi moja. Basi, watu wana namna zao za kufua. Akapita.

Gereji ilikuwa safi kuliko jikoni za watu wengi. Kaka Mkubwa alikuwa anazunguka gari huku ameshika kichwa.

"Miaka minne nimeitafuta dashibodi ile, Afande. Ni ya asili. Mwaka uleule, kiwanda kilekile. Majaji wa maonyesho wakiona hata skrubu moja isiyo ya kiwanda, wanakata alama."

"Ufunguo wa mlango huu unakaa wapi?"

"Jikoni, kwenye msumari."

"Wapi?"

"Jikoni! Kwenye msumari!"

"Kwa hiyo mwizi anaijua jikoni yenu. Unamshuku nani?"

"Mdogo wangu," alisema bila kusita, "na akipatikana nayo, simwondolei mashitaka. Atalala ndani. Nimeapa."

Mdogo alikuja na ndala, macho mekundu ya usingizi.

"Bila shaka ni mimi," alisema. "Nani mwingine? Mimi nilitaka liwekewe breki za kisasa, mikanda na kiyoyozi, ili Mama apande bila kufa wala kutoka jasho. Bwana Asilia huyu anataka sanamu. Afande, huyu hata akipata upele atauliza kama ni wa kiwandani."

"Jana ulisema utaing'oa dashibodi uifanye birika la kumwagilia maua," Kaka Mkubwa alifoka. "Mama alisikia."

"Nimesema. Maneno hayana spana."

Inspekta alikuwa ameshaingia garini, tochi mdomoni. Alikaa humo muda mrefu mpaka ndugu wale wakachoka kutukanana. Alipotoka alikuwa na swali lisilofanana na la polisi.

"Mkifungua kitu, boliti mnaziweka wapi?"

"Kwenye vifuko," alisema Kaka Mkubwa. "Kila kifuko na jina lake."

"Mfukoni," alisema Mdogo. "Nikimaliza kufunga, siku zote inabaki moja."

"Basi tazameni."

Wakainama. Boliti nane zilizokuwa zimeshika dashibodi zilikuwa zimerudishwa, kila moja kwenye tundu lake, pamoja na kipete chake cha chuma, zimekazwa kwa vidole tu. Nyaya nazo hazikukatwa hata moja. Zilifunguliwa kwa uangalifu, na ncha mbili zinazokwenda pamoja zimefungwa uzi wa rangi moja: nyekundu na nyekundu, buluu na buluu, manjano na manjano.

"Mwizi wa kawaida hung'oa," Inspekta alisema. "Huyu ameacha njia ya kurudi."

Kwenye upande wa abiria palikuwa na nyaya nyingine mbili, zimeviringishwa utepe mkuukuu uliokauka. Hazikuwa na uzi.

"Na hizi?"

"Takataka za Baba." Kaka Mkubwa alitazama pembeni. "Alikuwa na vitu vyake alivyovichomelea. Fundi atazitoa leo." Kisha akashituka, kama mtu aliyekumbuka alikoweka pesa. "Fundi! Fundi ndiye hurudisha boliti hivyo! Afande, ni Fundi!"

Dakika moja tu ndugu wa damu alikuwa anapelekwa jela, na dakika ya pili ikawa zamu ya mtu baki. Hasira haichagui kiti, inakaa popote.

Fundi alifika saa nne. Alikuwa mzee kidogo, aliyeanza kazi akiwa mwanafunzi wa marehemu na hakuwahi kuhamia gereji nyingine. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa wodini akimuuguza mkewe. Muuguzi wa zamu alithibitisha kwa simu. Alipooneshwa boliti alizigusa moja moja.

"Marehemu alitufundisha hivyo," alisema. "Alikuwa akisema, fungua kana kwamba atakayefunga ni kipofu. Kila boliti irudi nyumbani kwake."

"Alitufundisha. Wewe na nani?"

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mimi, Afande."

"Wewe na nani?"

"Mimi, na yeyote aliyekuwa akimshikia taa."

"Dashibodi ya zamani, uliyoitoa ukafunga hii iliyoibwa, iko wapi?"

Fundi alimtazama Kaka Mkubwa. Kaka Mkubwa ndiye aliyejibu: "Ilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, juma lililopita. Baba alikuwa ameshaikatakata. Haikuwa na thamani."

Inspekta aliomba maji ya kunywa, na kwa kisingizio hicho akaingia sebuleni.

Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha. Pembeni yake palikuwa na cherehani ya mkono, ya zamani, imefunikwa kitambaa cha maua. Ukutani palikuwa na picha ya gari lilelile. Marehemu alikuwa ameshika usukani, anacheka. Wavulana wawili walikuwa wamejibana kiti cha nyuma. Na upande wa abiria, juu ya dirisha, kilionekana kipaji cha uso tu, na mikono miwili midogo iliyoinuliwa, imeshika kitu cha mviringo.

"Huyu ni nani, Mama?"

"Dereva."

"Dereva si huyu mwenye usukani?"

"Huyo ni baba yake." Mama alitabasamu, na tabasamu lile lilimuumiza Inspekta kabla hajajua sababu. "Kitindamimba wangu. Miguu yake haikuwahi kumbeba, mwanangu. Akawa analia kwamba kaka zake watakuwa madereva na yeye atabaki abiria. Basi baba yake akaikata dashibodi upande wake, akamchomelea usukani mdogo na kitufe cha honi. Honi ya kweli. Wakiendesha pamoja, kila wakifika kona yeye anapiga mara mbili, pii-pii. Barabara nzima ilimjua. Aliendesha mpaka alipotimiza miaka tisa."

"Usukani huo ulitengenezwa na nini?"

Mama aliitazama cherehani. Inspekta aliinua kitambaa cha maua. Cherehani haikuwa na gurudumu. Lilipokuwa limeshikizwa palikuwa na tundu tupu, limeshika kutu. Alivuta droo yake ndogo: sindano, vifungo, na vidonge vya nyuzi. Nyekundu, buluu, manjano.

Alirudisha droo taratibu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema ufanye nini ukishakiona, nacho kimekaa dirishani kimekunja mikono, na grisi nyeusi chini ya kucha.

Saa sita aliwakusanya wote gerejini. Alikuwa ameshaamua namna ya kulimaliza, na alijichukia kidogo kwa hilo. Alitoa pingu.

"Nimepata mtu wangu," alisema, akamgeukia Mdogo. "Ulitishia mbele ya mashahidi. Ufunguo ulikuwa karibu nawe. Kaka yako ameapa hatasamehe. Twende kituoni."

"Mimi? Afande, mimi hata boliti sijui..."

"Lete mikono."

"Mwache!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sauti ilimtoka kubwa kuliko mwili wake.

"Mwache mwanangu. Hakuchukua kitu. Ni mimi."

"Mama, usimkingie kifua," alisema Kaka Mkubwa.

"Nani kakwambia namkingia? Baba yenu akiwa chini ya gari hili, nani alikuwa anamshikia taa? Nyinyi mlikuwa mmelala! Nilifungua boliti moja moja tangu alfajiri. Mgongo bado unaniuma." Alimgeukia Inspekta. "Ulijua, mwanangu. Nilipokupa kifundo cha mkono, ulijua."

"Nilijua baadaye, Mama. Iko wapi?"

"Kwenye kitanda chake."

Mdogo alikimbilia chumba cha mwisho, kile cha kuwekea masanduku, ambamo kitanda kidogo cha chuma hakikuwahi kuondolewa. Alirudi polepole. Alikuwa ameibeba dashibodi kwa mikono miwili, bado imefunikwa blanketi la mtoto hadi juu.

"Mama, kwa nini?" Kaka Mkubwa aliuliza.

"Siku ile mlipolivua gari turubai nikatazama upande wake, pako laini. Hata kovu hakuna. Nikasema labda wameuweka mahali, nikasubiri uniambie. Hukuniambia. Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo hivyo? Basi nimechukua chenu. Nirudishieni usukani wa Dereva, nami hicho chuma chenu nitawarudishia. Sitaki kingine. Kesho pelekeni gari lenu mkapewe alama."

Mama alimtazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alitazama chini. Mwisho alimfikia Fundi.

"Mama," Fundi alisema. "Nilitumwa, nikaupeleka. Kwa wale wa vyuma chakavu. Leo asubuhi moyo ulinisuta, nikapitia kule kabla ya kuja hapa, nikasema labda bado upo. Umeshayeyushwa, Mama."

Mama alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia. Inspekta akamshika mabega. Maji yakimwagika hayazoleki. Inspekta alikuwa amewaambia watu maneno hayo mara nyingi katika kazi yake, lakini pale hakuthubutu.

"Ulikuwa usukani wake," Mama alisema. "Ulikuwa gurudumu la cherehani yangu. Sikushona tena, wala sikumdai baba yenu." Akamgeukia Kaka Mkubwa. "Wewe ulikuwa unajua. Kwa nini, mwanangu?"

Kaka Mkubwa alikuwa ameegemea gari.

"Siku tuliyompeleka hospitali, nilikaa nyuma yake," alisema. "Baba anaendesha, yeye anaendesha. Tulifika ile kona ya posta, hakupiga honi. Nikaona mikono yake inateleza kwenye usukani. Mmoja, halafu wa pili. Nikadhani amechoka. Mama, nilidhani amelala. Sikumwambia Baba. Tukaenda hivyo mpaka mlango wa hospitali."

Mdogo aliweka dashibodi chini.

"Hujawahi kusema," alisema.

"Ningesema nini? Kila nikiliona gari hili naona mikono ile. Mnasema asilia, asilia, mnanicheka. Mimi nilitaka liwe kama lilivyotoka kiwandani. Kabla yetu sisi sote. Nilitaka gari ambamo hajafia mtu."

Alilia kama watoto wanavyolia, mdomo wazi. Mama alijitoa mikononi mwa Inspekta, akaenda kumshika kichwa. Viganja vyake viliacha alama nyeusi kwenye shati la mwanawe.

"Ungeniambia, baba," alimwambia. "Tungeogopa wote wawili."

Fundi ndiye aliyekumbuka kitu. Alikohoa.

"Mama, waya wa honi yake sijautoa. Umepita chini ya zulia. Upo."

Mama aliinua uso. Alifungua mlango wa abiria, akaketi, akapapasa mpaka akazipata zile nyaya mbili. Mdogo akatoa utepe mkavu kwa kucha. Fundi akafungua boneti.

"Ngoja nirudishe betri. Ulikumbuka kuitoa, Mama."

"Alinifundisha," Mama alisema.

Lakini betri iliporudi, hakuzigusanisha. Alishika waya mmoja huku na mmoja huku, mikono imeinuliwa, hakuna kitu katikati.

"Hapa si kwenye kona," alisema. "Hapigi pasipo na kona."

Ndugu wale walitazamana. Gari lisilo na dashibodi haliwaki. Kaka Mkubwa alifuta uso kwa mkono wa shati, akazunguka nyuma, akaweka mabega. Mdogo akavua ndala, akasimama kando yake.

"Majaji watakata alama kwa ajili ya huo waya," alisema.

"Wakate," Kaka Mkubwa alijibu.

Fundi akashika usukani mkubwa kupitia dirishani. Kiti cha dereva kilibaki kitupu. Wakalisukuma, likatoka uani, likashuka barabarani mchana kweupe, na majirani wakasimama milangoni bila kujua wacheke au wafanye nini. Inspekta alibaki getini na pingu zake, ameshaandika neno moja tu kwenye taarifa: imepatikana. Alilitazama neno hilo, akalikata.

Gari lilifika kwenye kona. Honi ikalia mara mbili.

Walisimama pale kitambo, kana kwamba kuna mtu anangojwa. Kisha wakaligeuza, wakalisukuma kulirudisha nyumbani.