Ndege Mbili na Kiatu Kimoja

Nyumbani kwetu Kipawa mazungumzo yana mapumziko yake. Ndege ikipita juu ya bati, baba anabaki na neno mdomoni, mama anashika mwiko hewani, nami naendelea kusugua masufuria nikingoja ipite. Kisha kila mtu anaendelea pale alipoishia. Wageni hutushangaa, lakini sisi tumezoea.

Mtu mmoja tu huinua kichwa kila inapopita, naye ni shangazi Wahiba, dada yake baba. Shangazi ni rubani, na anafundisha urubani katika chuo kidogo pembeni mwa uwanja wa ndege. Nakiri mapema kwamba nampenda kupita kiasi. Hupiga pasi shati lake jeupe mpaka kola inasimama yenyewe, na hajawahi kumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Jumamosi moja aliniambia, "Ibtisam, leo nakwenda kuchagua ndege ya chuo. Zipo mbili, zote zimeshatumika, zote za viti vinne. Ukitaka kuja, njoo. Ila ukigusa kitu bila kuuliza, unarudi kwenye masufuria yako."

"Sigusi, shangazi," nilisema. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na niliamini kila nilichosema.

Ndani ya karakana ya chuo, ndege mbili zilisimama zikitazamana. Ya kwanza mabawa yake yalikuwa juu ya madirisha, na ukisimama chini yake unapata kivuli. Ya pili mabawa yalikuwa chini, na ili uingie lazima upande juu ya bawa kama unavyopanda kibaraza. Hiyo ya pili ilikuwa nyeupe, ina mstari wa bluu toka puani mpaka mkiani. Niliipenda papo hapo.

"Ya mabawa juu ndiyo ndege," alisema fundi Kornelio, mtu mfupi anayenung'unika hata akiwa na furaha. "Mafuta yanashuka yenyewe kwenda kwenye injini. Ukiwa angani unaiona ardhi yote, hakuna bawa la kukuzibia."

"Na ukitaka kuchungulia mafuta tangini unatafuta ngazi," shangazi alimjibu. "Hii ya chini unafungua kifuniko umesimama. Tena inamfundisha mwanafunzi kukumbuka kubadili tangi, la kushoto, kisha la kulia. Akisahau, injini inakohoa."

"Wewe mwenyewe ulisahau."

"Nilisahau, na niliandika."

Kweli aliandika. Ukutani palining'inia daftari la kijani kwenye msumari, na humo kila mtu wa karakana huandika kosa lake kwa mkono wake. Jumatatu asubuhi linasomwa mbele ya wanafunzi wote, na ni mwiko mtu kucheka. Nilisoma maandishi ya shangazi: "Nilisahau kubadili tangi. Injini ilikohoa mara mbili. Kosa ni langu." Mtu mzima, mwalimu, anaandika hivyo ili wanafunzi wake wasome. Nilistaajabu, maana shuleni kwetu hata kiranja akivunja kioo husema ni upepo.

Ndege nyeupe ilikuwa ya Mama Apolonia wa Kimara. Mumewe aliirusha miaka mingi kabla hajafariki, na siku hiyo mama huyo alikuja na vitabu vyote vya kumbukumbu za ndege vimefungwa kwenye kanga. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole.

"Marehemu aliandika kila kitu, mwanangu," alimwambia shangazi. "Hata tairi likipungua upepo, aliandika. Haijawahi kugongwa."

Shangazi alizishusha flapu, yaani vile vibawa vidogo vya nyuma ya mabawa, akaanza kuikagua ndege kwa kuizunguka kutoka kushoto. Alipapasa kila mahali kwa kiganja, taratibu, kama mama anayemwogesha mtoto mchanga. Ningeweza kumtazama kutwa nzima. Alipofika puani, kabla hajaligusa bawa la kulia, chai ikawa tayari, na Kornelio akawaita yeye na Mama Apolonia ofisini wakavisome vitabu vile.

Nilibaki peke yangu na ndege. Mlango wake uko upande wa kulia. "Nikae kidogo tu kwenye kiti cha rubani," nilijiambia. Kwenye bawa, karibu na mwili wa ndege, kuna ukanda mweusi wa kukanyagia, wenye kukwaruza kama msasa. Mie sikuuangalia. Niliweka kiatu changu juu ya flapu iliyoshushwa, nikajivuta. Bati lake likalia kama mfuniko wa debe la biskuti.

Niliruka chini. Flapu ilikuwa imebonyea mahali papana kama sahani ya wali. Nilikwenda kusimama chini ya ile ndege nyingine, mikono nyuma, mtoto mwema kabisa.

Waliporudi, shangazi alianza tena kushoto.

"Si ulishafika puani?" Kornelio aliuliza.

"Nikikatizwa naanza upya," alisema. "Ndege haijui kama nilikwenda kunywa chai."

Niliomba azunguke taratibu, kisha nikaomba amalize upesi. Sijui nilitaka nini. Kornelio ndiye aliyetangulia kuona. Aliinama, akapitisha kidole.

"Hapa pamebonyea," alisema. "Na vitabuni hamna."

"Hapakuwa hivyo," alisema Mama Apolonia.

"Mama, si unaona mwenyewe?"

Shangazi alipapasa pale mahali kwa kiganja. "Mama, vitabu vyako nimevisoma na nimevipenda," alisema hatimaye. "Lakini kama hili halikuandikwa, sijui mangapi mengine hayakuandikwa. Siwezi kuwapandisha watoto wa watu kwenye ndege nisiyoijua. Unisamehe, siwezi kuichukua."

Mama Apolonia hakubisha. Alianza kuvifunga vitabu vyake kwenye kanga, fundo likamshinda, akarudia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Miaka yote ile nilimwamini. Kumbe yapo aliyonificha."

Hapo ndipo niliposhindwa. Marehemu hakuwepo ajitetee, na mkewe angerudi Kimara akimdhania mwongo kwa sababu ya kiatu changu. Niliona haya, haya ya kweli.

"Ni mie, shangazi," nilisema. "Mlipokuwa mnakunywa chai nilikanyaga nikitaka kupanda."

Kornelio aliniambia nivue kiatu. Alikiweka juu ya ile alama, na vumbi hafifu la soli, ambalo hakuna aliyeliona mwanzoni, likalingana nacho mstari kwa mstari.

"Nisamehe, mama," nilimwambia Mama Apolonia, machozi yakinitiririka. "Marehemu hakukuficha kitu."

Mama wa watu aliketi juu ya sanduku la vifaa, akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Umenirudishia mume wangu, mjukuu wangu," alisema.

Shangazi hakunigombeza. Alilitungua daftari la kijani msumarini, akanipa kalamu. Niliandika: "Nilikanyaga flapu ya kulia bila ruhusa. Ilibonyea. Nilinyamaza. Kosa ni langu." Neno "nilinyamaza" lilinichukua muda mrefu kuliko mengine yote.

"Sasa tuamue upya," shangazi alimwambia Kornelio. "Ile ya mabawa juu ni ndege nzuri, sibishi. Lakini vitabu vyake vina miaka miwili mitupu, na muuzaji hana maelezo. Nilikuwa narudi mikono mitupu. Hii ya Mama Apolonia tunaijua toka siku yake ya kwanza hadi leo, pamoja na kiatu cha mtoto huyu."

Kornelio alinung'unika kwamba ataliandika jina langu kwenye vitabu vya ndege, na kweli aliliandika. Flapu ilitengenezwa kwa wiki tatu, na kila Jumamosi nilikwenda kumshikia taa na kufagia karakana. Jumatatu ile daftari liliposomwa, shangazi alisema hakuna aliyecheka, nami namwamini.

Siku ndege ilipokuwa tayari, shangazi alitualika mie na Mama Apolonia turuke naye. Kabla hatujapanda, alinisimamisha mbele ya bawa.

"Mabawa yakae juu, yakae chini, zote zinaruka," alisema. "Ninachokiogopa mie ni jambo ambalo mtu amelijua akanyamaza. Ungenyamaza siku ile, mkweli angeondoka hapa anaitwa mwongo, na mimi ningekurudisha nyumbani nikakupakulia wali. Kukosea tutakosea, Ibtisam. Usiache mtu mwingine abebe kosa lako."

"Sawa, shangazi."

Mama Apolonia alinishika mkono. "Haya, unakanyaga wapi?"

"Kwenye ukanda mweusi, bibi."

Tulipita juu ya Kipawa. Nilitafuta bati letu, lakini bawa lilikuwa limeniziba, na ikabidi nikiri kwamba Kornelio naye alisema kweli. Shangazi aliona ninavyohangaika, akaiinamisha ndege kidogo, na nyumba yetu ikatokea.