Mapipa ya Likawage

"Mabibo yameiva. Onjeni kote."

Simu ikakatika.

Laurenti alikanyaga mafuta. Land Cruiser ikaruka mashimo ya barabara ya Likawage.

"Mkuu anasemaje?" aliuliza Flora, jasusi mwenzake wa miaka mingi.

"Mzigo unaondoka leo. Umefichwa kwa mmoja wa watengeneza vinywaji, tuwapitie wote."

Mzigo wenyewe ni mifupa ya dinosaria, iliyochimbwa kwa siri katika kilima cha Tendaguru. Mingi ilichukuliwa enzi za Wajerumani. Laurenti aliapa kwamba safari hii hakitatoka hata kidole.

Walijifanya mke na mume walio mapumzikoni. Asubuhi walionja mvinyo wa rosela kwa masista. Wakapiga picha na kobe ambaye mfugaji wake aliapa kuwa ana umri mkubwa kuliko msikiti wa kijiji.

Kikabaki kiwanda cha Jonas.

Lilikuwa banda la bati, linanuka mabibo. Mapipa ya bluu yalijaa hadi ukutani, vifuniko vimekazwa kwa pete za chuma. Flora alitangulia kuyakagua.

"Karibuni, maharusi," alisema Jonas, mtu wa Dar aliyehamia juzijuzi. "Huo ni uraka wa jana, pombe yetu ya mabibo. Harufu tu inalewesha."

"Ni uraka kweli," Flora alisema. "Twende, mume wangu."

Laurenti hakusogea.

Flora ni mzaliwa wa Kitomanga. Mama yake hukamua mabibo kila msimu. Ni Flora aliyemfundisha Laurenti, barazani kwa mama huyo, kwamba uraka mpya haufungwi. Huachiwa upumue. Ukiubana, pipa hupasuka.

Jonas angeweza kukosea. Mtoto wa Kitomanga, hapana.

Akamgeukia Flora.

"Mama hajambo?" aliuliza.

"Mama ameingiaje hapa?"

"Angeuliza kwa nini mapipa haya hayapumui."

Flora alitoa Beretta mkobani.

"Ungekunywa ukanyamaza, Lau. Ningekurudisha Lindi salama."

"Nimekula ugali wa mama yako. Ananiita mkwe."

"Usiniletee ya mama. Jonas, mnyang'anye bastola."

Jonas akapita katikati yao.

Kosa.

Laurenti alimdaka shati, akamsukumia Flora. Risasi ikatoboa pipa. Halikutoka hata tone. Ulimwagika unga wa mbao, kisha ukachungulia mfupa mnene kama mchi.

Teke moja, Beretta ikaruka. Bastola ya Laurenti ikawatazama wote wawili chini.

Alibonyeza kitufe cha saa yake ya Casio. "Kusini Moja. Mzigo upo. Leteni pingu mbili."

"Mbili?" sauti ya Mkuu ilitoka saani. "Za nani?"

"Jonas. Na Flora."

"Rudia jina."

"Umelisikia, Mkuu."

Polisi waliokuwa wakisubiri njia panda walifika upesi. Flora alifungwa pingu bila kuinua uso. Laurenti alipompita, Flora akasema kwa sauti ndogo:

"Mama atauliza niko wapi."

"Atauliza. Namfuata sasa hivi, asije akayasikia haya redioni."

Laurenti alivaa miwani yake ya jua, akajifuta unga wa mbao begani, akaliendea gari bila haraka.

Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Akawasha injini.