Wembe Moja ku Gare ya Kolwezi

Hapana, Huguette, mi sikatazake mutu kunyoa makwapa. Nakatazaka wembe ya kuazimana. Tantine yako Kanku, binti yangu, kiloko tu afe juu ya ile.

Ni ule mwaka Bakatanga balitufukuza, juu tuko Bakasai, batu ba asili ya Kasai. Manyumba balikamata. Tulikalaka ku gare ya Kolwezi, chini ya mabashi, mahema ya plastiki, tunangojea treni ya kwenda Kasai. Mi mwenyewe nilizaliwa pale Kolwezi, Kasai siijue. Maji ilikuwa kiloko, sabuni hakuna, na bijana ba ku cité, ku mitaa ya muji, balikuwa banatutupia mawe.

Babinti nabo balikuwa na woga yabo. Rachelle, rafiki ya Kanku, alibaambia, "Kule Kasai batantine, badada ba baba, batatuangalia mwili yote. Bataseka nywele ya makwapa, batasema tunatoka na uchafu."

Njo balikamata wembe moja, bakapitishana. Bakanyoa ku kavu, bila maji.

Siku kiloko kisha, Kanku akaanza kubana mukono ku mbavu. Mama yake, bibi yangu Adolphine, akamuita, "Funga mizigo, treni inakuya."

"Mama, mukono inauma."

"Mukono ya kulalia haiumake, ya kazi njo inauma?"

Akamuvuta. Mutoto akalia. Tukaangalia: mu kwapa jipu kama yayi, na mwili yote moto.

Nikamuita Mama Godelieve, infirmière wa kutunza bagonjwa, jirani yetu wa zamani. Yeye Mukatanga. Benzake balimukataza kukuya kwetu, lakini alikuya, dawa chini ya kikwembe alijifunga. Alipomushika Kanku, treni nayo ikaingia. Batu balikuwa banavutana na mikono, banapita mu madirisha.

"Tata Ntambwe, huyu asipande," akaniambia.

"Mama Godelieve, ingine itakuya lini? Batu banatuua hapa."

"Mu wagon hakuna maji, hakuna dawa. Hii homa itamumaliza mu njia."

Nikamuangalia Adolphine. Adolphine akaikala juu ya mizigo. "Mi sipande," akasema.

Treni ikaenda. Tukabakia, na ba Rachelle nabo, balikosa nafasi.

Godelieve akamutunga sindano ya dawa. Akachemusha maji, akaloweka kitambaa safi, akaiweka moto moto ku jipu. "Musiliminye," akasema. "Mukiminya, usaha itaingia mu damu." Akarudia kila siku, na mawe ile ile banamutupia mu njia. Jipu likapasuka lenyewe.

Njo akabaita babinti. "Nani alibaambia ninyi nywele ni uchafu? Jasho njo inanuka. Oga, sabuni ku kwapa, basi."

Rachelle akauliza, "Na bwana akiona?"

"Nywele yake ya mu kwapa aliisuka?"

Bakaseka. Kisha akaongea polepole. "Unapenda kunyoa? Kila mutu na wembe yake, mupya. Lowesha, paka sabuni. Kukiwa kipele, acha. Wembe ya mwenzako iko na damu yake, na sida, ukimwi, inaweza kupita mule. Ukiona jipu na homa, usifiche, kimbia kwa munganga wa hospitali."

Rachelle akaenda kutupa ile wembe mu choo. Tangu pale Kanku anakataka nywele na makasi yake tu. Treni ingine ilikuya kisha, tukapanda bote, na yeye alijivuta mwenyewe ku dirisha, akaingia.

Lakini mbele ya ile treni, siku homa ilitoka, alisema, "Mama, niko na njaa." Adolphine akasonga bukari, ugali yetu. Godelieve alitaka kwenda, mbele giza iingie.

"Ukule kwanza," Adolphine akamuambia, akamumwangia maji ku mikono.

Godelieve akaangalia kule ku cité, kwa bale balimukataza. Kisha akavua viatu, akaikala kati yetu, na sisi bote tukaikala, tukakula.