Siku Walipomvunja Nyoka wa Shaba

Yekolia alikuwa uani akishindilia tini kavu ili azifanye mikate. Mikono inanata, nzi wanamsumbua. Ndani, binti yake Akisa alianza kulia tena.

Mtoto alikuwa na miaka sita. Siku ya nne hii ana jipu pajani. Lilikuwa jekundu, limevimba kama kitunguu, na mwili wote una homa. Kukanyaga chini hawezi.

"Mpeleke tena kwa Babu," alisema mumewe, Elasa, akifunga aproni yake ya ngozi. Alikuwa mfua shaba.

"Juzi nimempeleka. Jana nimempeleka."

"Labda ulimtolea tini mbovu."

"Mbovu! Zile nilizokunyima wewe ndizo nilizompa yeye!"

Babu waliyemsema hakuwa mtu. Alikuwa nyoka wa shaba, yule aliyetengenezwa na Musa jangwani. Sasa alisimama juu ya mti hapa Yerusalemu, na watu walimfukizia uvumba. Walimpaka mafuta kinywani, kisha wakayachota mafuta yale yale na kuwapaka wagonjwa. Mama yake Yekolia alifanya hivyo, na bibi yake pia. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Basi Yekolia akachagua tini nzuri, akambeba Akisa mgongoni, akaenda.

Alikuta foleni ya wanawake. Zamu yake ilipokaribia, watu wa mfalme waliingia na nyundo kubwa.

"Rudini nyuma! Mfalme ameamuru. Hiki ni kipande cha shaba tu!"

Nyundo ya kwanza ikalia kang! Wanawake wakapiga mayowe. Mmoja akaanguka, akazimia. Yekolia alimshusha mtoto, akamfunika macho, akangoja moto ushuke kutoka mbinguni.

Nyundo ya pili. Ya tatu. Moto haukushuka.

Kichwa cha nyoka kilikatika, kikabiringika hadi miguuni pake. Yekolia akatazama ndani ya kinywa. Mlikuwa na masizi, mafuta yaliyochacha, na nzi waliokufa, wameganda humo kama tope.

"Mafuta haya," alinong'ona. "Haya ndiyo ninayompaka mwanangu?"

Alimnyakua Akisa, akakimbia nyumbani bila kukumbuka kikapu chake.

"Wamemuua Babu!" alilia alipofika mlangoni. "Jamani, wamemuua!"

Jirani yake, Bibi Noadia, alitoka mbio. Alikuwa mkunga, na kaka yake alikuwa Mlawi msomaji wa Torati.

"Amekufa nani?"

"Nyoka wa Musa! Mwanangu ataponaje sasa?"

"Shaba inakufaje, mwanangu? Ilizaliwa lini?" Bibi Noadia akainama. "Hebu nilione hilo paja." Alipoliona, akashika kichwa. "Ole wangu! Umepaka nini hapa?"

Yekolia akamwambia yote, tangu siku ya kwanza. Akamwambia na habari ya nzi. Bibi kizee akakaa chini kwanza.

"Siku nne! Mimi niko ukuta wa pili tu, na wewe unampeleka mtoto kwa shaba!"

"Lakini Bibi, si Mungu mwenyewe alimwagiza Musa amtengeneze?"

"Alimwagiza. Nyoka waliwauma baba zetu, na aliyemtazama huyu wa shaba alipona, kwa sababu alilitii neno la Bwana. Je, waliambiwa wamfukizie uvumba?"

"Sijui."

"Hawakuambiwa. Alama ya njiani inakuonyesha mji. Ukikaa chini ukaikumbatia hiyo alama, utalala nje na fisi. Haya, chemsha maji. Leta na tini zako."

"Tini? Nimeziacha kule kwa Ba... kule."

"Si hizi hapa umezijaza uani?"

Bibi Noadia alinawa mikono. Aliosha mafuta yote kwa maji ya moto na chumvi. Akapasha tini, akaziponda, akaziweka juu ya kitambaa safi, akalifunga jipu zikiwa na joto la kuvumilika.

"Badilisha asubuhi, mchana na jioni. Usilikamue, hata likikushawishi. Mpe maji mengi. Na umwombe Bwana. Yeye anasikia hata hapa jikoni, huna haja ya kupanga foleni."

Jioni Elasa alirudi akitabasamu. Alifungua ngumi. Mlikuwa na kipande cha shaba, kidogo kama kidole.

"Watu waligombania vipande," alisema. "Nimepata cha mkia! Nitakitoboa, tumvike mtoto shingoni."

Yekolia alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Elasa, kazi yako nini?"

"Swali gani hilo? Nafua shaba."

"Tangu uianze, unaiyeyusha, unaipiga nyundo, unaitemea mate. Imewahi kukujibu hata siku moja?"

Elasa aligeuza kipande kile kiganjani.

"Nimeona ndani ya kinywa cha nyoka yule," alisema Yekolia. "Nzi, mume wangu. Tulikuwa tukimpaka mtoto uchafu, na huku tukisema tunamwabudu Bwana. Kitu hicho hakitagusa shingo ya mwanangu."

Siku ya tatu jipu lilipasuka lenyewe. Usaha ukatoka, homa ikashuka. Siku ya sita Akisa alikuwa uani, akiiba tini, na mama yake hakuwa na moyo wa kumgombeza.

Sisi Wakristo tusiwacheke watu hawa. Wako kati yetu wanaolaza Biblia chini ya mto bila kuifungua, na wanaobandika picha ya mhubiri mlangoni ili imfukuze shetani. Wako wanaopaka kidonda mafuta ya maombi hadi kinaoza, na zahanati iko ng'ambo ya barabara. Kitu kizuri alichokitumia Mungu jana kinaweza kukalia kiti cha Mungu leo, na sisi tukaendelea kuimba zaburi.

Elasa alikaa na kile kipande siku kadhaa, hajui akifanyeje. Kukitupa aliogopa, kukivaa aliona haya. Mwishowe alikitia motoni pamoja na shaba nyingine, akakifua kuwa sindano, akampa mkewe.

Yekolia aliijaribu kwenye gunia lililochanika. Ilipenya vizuri.

"Inafaa?" aliuliza Elasa.

"Inafaa," alisema, akikata uzi kwa meno. "Kwa kushonea."